"Jana ilibeba": sababu gani kamba inakatika siku yenye hatuiwazie

Wiki moja mbele ya mvua kuanza, mama mumoja aliingia mu biro yetu na kifurushi mu mukono. Hatukumujua. Alikaa, akafungua kitambaa, akatosha kipande cha kamba ya nailo ya rangi ya bluu, urefu wa mukono mumoja hivi. Kilikuwa kimechakaa, nyuzi zake zimesimama-simama kila upande.

"Nilikata hii ku mwisho wa kamba ya bwana yangu," alisema. "Yeye hajue. Anachimbaka ku ngambo ya muji, yeye na benzake bane. Kila siku banapandisha saki za madini na hii kamba. Mangaribi ikifika, yeye mwenyewe anapandaka na ile ile. Namuambia: Baba watoto, kamba imezeeka. Ananijibu: 'Jana ilibeba saki ya kilo 80. Mimi niko na kilo 60. Sasa unaogopa nini?' Sijue nimujibu namna gani. Njo nimekuja kwenu, benye munaandikaka mu gazeti."

Tulitaka kumujibu pale pale, tukakosa neno. Hesabu ya bwana yake ilionekana kuwa ya kweli: 60 iko chini ya 80. Lakini sisi wote, mu miji ya madini, tunajua hadisi za kamba zenye zilibeba muzigo mukubwa asubui, kisha zikakatika na muzigo mudogo mangaribi. Watu wamoja wanasema ni bahati mbaya. Wengine wanasema ni mukono wa mutu. Tulimuomba mama atuachie kile kipande na atupatie siku kidogo.

Tulienda kuuliza watu wawili. Wa kwanza ni mwalimu wa fizike wa shule moja ya sekondari. Wa pili ni mzee wa Kipushi, yuko na pansio sasa, mwenye alitumika miaka mingi ku kamba za kaji, ile yenye kushusha watu chini ya udongo. Yenye walitufundisha, tunawapatia hapa, ndugu wasomaji, juu ulizo ya ule mama ni ulizo ya nyumba mingi.

Vitu vitatu juu ya meza

Mwalimu hakuanza na maneno. Aliweka vitu vitatu juu ya meza: ile springi ndogo ya ndani ya biki, kipande cha waya ya mukuba yenye alichuna ku waya ya umeme, na chaki. Munaweza kufanya hivi nyumbani pamoja na watoto.

Kwanza alivuta springi kidogo, akaiachilia. Ikarudia fasi yake. "Kila kitu kigumu kinafanyaka hivi," alisema. "Chuma, muti, kamba, hata jiwe. Hatuone tu, kwa sababu ni kidogo sana."

Alitupatia mufano. Twaa waya ya chuma ya urefu wa metre 1, yenye ukiikata, uso wake uko milimetre 1 kwa milimetre 1. Itundike ku dari, ufunge kilo 10 chini yake. Inavutika nusu ya milimetre. Funga kilo 20, inavutika milimetre 1. Tosha ule uzito wote, inarudia urefu wake wa kwanza. Muzigo mara mbili, mvuto mara mbili. Mu mwaka wa 1678, Mwingereza mumoja, Robert Hooke, njo aliitangaza ile kanuni, na mpaka leo mainjinieri wanaitumia kila siku.

Kisha mwalimu alivuta ile springi kwa nguvu. Ikaachama, na wakati aliiachilia, haikurudia. Ilibakia ndefu. "Sasa imelegea," alisema. "Imepita mupaka wake. Haijakatika, lakini haiko tena ile ya zamani."

Ku ile waya yetu ya chuma laini, mupaka huo uko karibu na kilo 25. Ukiupita, waya inaanza kurefuka na inabakia vile. Ukiendelea kuongeza, karibu na kilo 40 inakonda fasi moja, sawa vile inafanya shingo, kisha inakatika pale pale. Kati ya kilo 25 na kilo 40, chuma inatuonya. Inarefuka, inapinda, inaonekana na macho. Chuma laini ya muzuri inaweza kurefuka sehemu moja ku tano ya urefu wake mbele ya kukatika. Ukiona bulo imepinda, ao tundu ya mununguru imefunguka, ao fimbo ya chuma imenyooka kupita kipimo chake, usiseme: bado inashika. Imekwisha kukuambia kwamba imepita mupaka.

Mukuba njo mwalimu

Kitu cha pili kilikuwa waya ya mukuba, ule mukuba wenye tunatoshaka mu udongo wetu. Mwalimu aliikunja na vidole. Ilikunjika polepole na ilibakia vile. Alimupatia mumoja wetu aikunjue. Sasa ilikuwa ngumu kidogo. Tuliikunja tena, tukaikunjua tena. Kila mara vidole vilisikia ugumu zaidi fasi ile ile. Kisha, pasipo kuongeza nguvu kubwa, ilikatika.

"Ni mara ya ngapi iliikata?" alituuliza mwalimu. Tukajibu: ya mwisho. Akacheka. "Hapana. Ni zote. Ya mwisho ilimaliza tu kazi ya zingine."

Tunaomba musomaji asimame kidogo hapa, juu hapa njo jibu ya ule mama inaanza. Mara ya kwanza waya haikukatika. Nguvu ya vidole ilikuwa karibu ile ile. Kama mutu angesema "mara ya kwanza ilivumilia, basi itavumilia tena," angejidanganya. Kila kukunja kulifungua ufa kidogo ndani ya mukuba, ufa mudogo wenye jicho haliwezi kuona, na kila kukunja kulirefusha ule ufa.

Kitu cha tatu kilikuwa chaki. Mwalimu aliisimamisha na kuikandamiza kutoka juu na kidole: ikavumilia. Kisha akaikunja kidogo tu: tak! Haikurefuka, haikukonda, haikuonya. Tutarudia ku chaki, juu jiwe ya ndani ya shimo inafanana na chaki kuliko mukuba.

Minyororo ya Clausthal

Ulizo ya ule mama haikuanza leo, na haikuanza Katanga. Zaidi ya miaka 180 imepita, watu wa migodi ya Ujerumani, mu milima ya Harz, walikuwa wanajiuliza jambo lile lile. Kule walikuwa wanatosha madini kutoka chini sana, na minyororo ya chuma ao kamba za katani. Katani ilikuwa inaoza na maji ya mugodi. Minyororo ilikuwa inakatika na muzigo wenye ilikuwa imebeba siku mingi pasipo shida. Watu walikuwa wanapima muzigo, wanaona hauzidi, na bado munyororo unakatika.

Mukubwa mumoja wa kazi ya migodi kule Clausthal, Wilhelm Albert, hakutaka kusema ni bahati mbaya. Alitengenezesha mashini yenye ilikuwa inapakia munyororo muzigo, inautosha, inaupakia tena, siku kwa siku. Muzigo haukuwa mukubwa wa kukata munyororo mara moja. Lakini ile ya kurudilia-rudilia iliukata. Mu mwaka wa 1837 aliandika yenye aliona. Watu wa elimu wanahesabia kazi ile kuwa kati ya majaribio ya kwanza kabisa juu ya chuma yenye inachoka.

Lakini Albert alifanya jambo lingine, na ile njo inatugusa sisi. Mu mwaka wa 1834 alisokota nyuzi za chuma pamoja, nyuzi 4 mu kila musuko, misuko 3 mu kamba moja, na akaitundika mu shimo la mugodi. Kamba ya chuma ya migodi ya leo, hata ile ya asansere mu nyumba kubwa za Lubumbashi, ni mutoto wa ile.

Sababu gani iliushinda munyororo? Mzee wa Kipushi alitueleza kwa neno moja: "Munyororo uko na pete moja-moja. Pete moja ikikufa, bote mumekufa. Lakini mu kamba, uzi moja ikikatika, zingine zinashika, na ile yenye imekatika inatoka inje, inakuonyesha kidole."

Ni ile ile tuliona ku kipande cha mama. Nyuzi zenye zilikuwa zimesimama-simama zilikuwa zinaonyesha kidole.

Kisha ya Albert, Mujerumani mwingine, August Wöhler, alipima mihimili ya magurudumu ya treni mu miaka ya 1850 na 1860. Aliona kwamba kwa chuma kuko mupaka mwingine, wa chini kuliko ule wa kulegea. Ukibakia chini yake, chuma inaweza kubeba mara milioni na zaidi. Ukiupita, hata kidogo, kila mara inahesabiwa. Njo sababu mu kazi ya kuinua mizigo, kamba haipewe kubeba karibu na nguvu yake yote. Mara nyingi kwa vitu wanachagua kamba yenye nguvu mara 5 ya muzigo, na kwa watu mara 10. Ile tofauti haiko kupoteza makuta. Iko kwa ajili ya siku yenye kamba haiko tena mupya.

Namna gani wazee wa Kipushi walikuwa wanaangalia

Mugodi wa Kipushi ulianza kutumika mu miaka ya 1920, na mashimo yake yalifika zaidi ya metre 1 000 chini. Kule kamba yenyewe ni muzigo. Ile waya yetu ya milimetre 1 kwa milimetre 1, ukitwaa urefu wa metre 1 000, iko karibu kilo 8. Kila kilometre ya kamba inajibeba yenyewe mbele ya kubeba mutu.

Mzee alitueleza kazi yake. Asubui, mbele ya watu kushuka, kamba inapitishwa polepole sana, na yeye anashika kitambaa cha pamba kuizunguka. Uzi yenye imekatika inakamata kitambaa. Wanasimamisha, wanahesabu, wanaandika mu kitabu: ngapi, fasi gani, siku gani. Kisha wanapima unene wa kamba, juu kamba yenye imekonda imekwisha kula nguvu yake, ao kutu imeingia ndani yake.

"Na wakati kwa wakati," alisema, "tunakata mwisho wa kamba, kipande, tunakituma banakivute ku mashini mpaka kikatike. Vile tunajua kamba iliyobakia iko na nguvu gani."

Tuliangaliana. Ule mama, pasipo kufundishwa na mutu, alikuwa amefanya kazi ya mukaguzi wa kamba. Alikata mwisho, akaleta kipimwe.

Kilo 60 yenye inakuwa kilo 250

Tulirudia kwa mwalimu na ile hesabu ya bwana yake: saki kilo 80, mutu kilo 60. Mwalimu alisema hesabu ile inasahau mambo matatu.

La kwanza: saki inapandishwa polepole, watu wane wanavuta pamoja. Mutu anateleza. Ukitundika muzigo polepole, kamba inasikia uzito wake tu. Ukiuachilia kwa gafula, hata kama haukuanguka hata santimetre moja, kamba inasikia mara mbili. Na ukianguka, inazidi. Alituandikia hesabu: kama kamba inarefuka santimetre 10 na uzito wa mutu wa kilo 60, na ule mutu anateleza na kuanguka santimetre 50 tu mbele kamba imukamate, kamba inasikia zaidi ya kilo 250. Santimetre 50 haifike hata urefu wa muguu wa mutu. Ni kukosa kukanyaga fasi moja. Kamba yenye kurefuka zaidi inapunguza ule mushituko, ngumu inauongeza. Kwa hiyo saki ya kilo 80 haikuwa muzigo mukubwa kuliko mutu.

La pili: fundo. Kamba yenye kufungwa fundo inaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu yake pale pa fundo, juu nyuzi za inje zinavutwa sana na za ndani zinakaa bure. Vilevile mudomo wa shimo. Fasi kamba inasugua jiwe, inakunjika na kukunjuka kila mara, sawa ule mukuba wa mwalimu, na tena inakatwa na mawe. Mara nyingi kamba haikatike katikati ya shimo. Inakatika ku fundo ao ku mudomo.

La tatu: kamba inazeeka ndani. Mwalimu alitwaa kile kipande cha bluu, akakisokotolea upande mwingine, misuko ikafunguka. Inje rangi ilikuwa imekwajuka na jua. Ndani kulijaa vumbi ya kijivu. Ni unga wa mawe. Kila mara kamba inavutwa, ile mibegu ya mawe inasugua nyuzi kutoka ndani, sawa msumeno mudogo. Nyuzi za katikati, mingi zilikuwa zimekatika, fupi-fupi. Kutoka inje kamba ilionekana kuwa nusu nzima. Kutoka ndani ilikuwa karibu kumalizika.

Kwa kamba ya chuma, adui wa ndani ni kutu. Fasi madini iko na kiberiti, maji ya mugodi yanaweza kuwa na asidi, na asidi inakula chuma mbio. Kamba ya nailo nayo, ikilowa, inapoteza sehemu ya nguvu yake mpaka ikauke. Jua nalo linakula nailo na kamba za plastiki. Kamba yenye kulala inje mwaka muzima haiko ile yenye ilinunuliwa, hata kama haikubeba kitu.

Muti unasema, jiwe inanyamaza

Mzee wa Kipushi hakutaka tuishie ku kamba. "Kamba inaua mutu mumoja," alisema. "Dari ya galeri inaua bote."

Wachimbaji wa zamani walikuwa wanapenda nguzo za muti, hata fasi chuma ilikuwepo. Muti hauna nguvu kupita chuma. Lakini muti unalia mbele ya kukatika. Nyuzi zake zinakatika moja-moja, na kila moja inafanya sauti: krr, krr. Mutu mwenye masikio anapata wakati wa kutoka. Njo sababu ndani ya shimo hatupashwe kupiga muziki ya simu kwa nguvu. Muti ukisema, lazima mutu asikie. Na muti wenye umeoza haulie: unavunjika kimya. Piga nguzo na nyundo. Ikijibu na sauti ya wazi, iko nzima. Ikijibu sawa gunia, ibadilishe.

Jiwe ni ile chaki. Kukandamizwa, inavumilia sana. Kuvutwa, nguvu yake ni karibu sehemu moja ku kumi tu ya ile. Sasa, dari ya galeri inafanya nini? Inapinda kidogo katikati kwa uzito wake yenyewe. Upande wake wa juu unakandamizwa, upande wa chini, ule wenye tunaona, unavutwa. Jiwe inavutwa fasi ile ile yenye iko zaifu.

Na hapa mwalimu alitupatia hesabu yenye kila kapita anapashwa kuandika ku ukuta. Ukipanua galeri mara mbili, na unene wa lile tabaka la jiwe haubadilike, ule mvuto wa upande wa chini unakuwa mara ine. Galeri ya metre 2 yenye ilisimama miezi sita haikuambii kitu juu ya galeri ya metre 4. Mutu anapata mustari muzuri wa madini, anaufuata kushoto na kuume, anakula na nguzo zenye aliacha, na anasema: "Jana ilisimama." Ilisimama, ndiyo. Lakini jana haikuwa dari ile.

Mvua inaongeza. Maji yanaingia mu nyufa, udongo wa kati unalegea, uzito wa juu unazidi. Kutoka mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 4, dari yenye ilikuwa nzima mu kiangazi haiko ile ile. Ufa mupya, mawe madogo kuanguka pasipo mutu kugusa, vumbi kushuka kutoka juu: njo njia ya jiwe ya kusema, na haisemake mara mbili. Katika mwezi wa 6 wa mwaka wa 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliporomokea wachimbaji na zaidi ya watu 30 walikufa. Hakukuwa hata mvua. Kanuni za migodi za inchi yetu zinakataza muchimbaji wa mukono kupita metre 30 chini. Watu mingi wanaona ile ni maneno ya biro. Lakini kila metre ya kushuka inaweka uzito mupya juu ya vichwa.

Mbele ya kushuka

Tuliwaomba wale wawili watupatie mambo yenye familia inaweza kufanya pasipo mashini. Walituambia haya.

Kila asubui, pitisha kamba nzima mu kitambaa ao mu gla ya kazi, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Fasi inakamata, fasi imekonda, fasi imekuwa ngumu ao laini kuliko zingine, simama pale. Mara moja ku wiki, fungua misuko fasi tatu ao ine na uangalie ndani.

Kamba ya saki ikae ya saki. Kamba ya watu ikae ya watu, na isibebe kitu kingine hata siku moja. Iwe na rangi yake, na siku ya kuinunua iandikwe.

Ku mudomo wa shimo, weka gogo laini lenye kuzunguka, ao kipande cha mupira wa gari, kamba isisugue jiwe. Usitengeneze kamba yenye imekatika na fundo katikati.

Kamba yenye ilikamata mutu mwenye alianguka, imalize kazi yake pale pale. Hata kama inaonekana nzima. Imesikia mushituko wenye sisi hatukuona.

Na kamba yenye imetoka mu kazi, ikatwe vipande vifupi. Hili mzee alilisema na huzuni. Kamba za zamani zinauzwa ku soko. Zinafuliwa, zinakaushwa, zinasokotwa muzuri, na mutoto wa mwingine anazinunua kwa beyi ya chini. Ukiuza kamba yenye ulikataa kupanda nayo, umeuza nini?

Tunajua beyi. Hatuandike haya sawa watu wenye hawaendake ku soko. Muchimbaji mwenye kutumia kamba ya zamani haiko kwamba hana akili. Mara mingi hana makuta, na mununuzi wa madini amemukata ku kilo. Lakini watu watano wanapanda na kamba moja. Beyi ya kamba mupya, gawanya ku watano, kisha gawanya tena ku miezi yenye itatumika. Mufanye ile hesabu pamoja, nyumbani, na bamama bakiwa pale.

Mama alirudia siku ya posho. Hakurudia peke yake. Bwana yake alikuwa nyuma yake, na begani alibeba kamba nzima ya bluu, imezungushwa. Hakuwa na furaha. Alisema muke wake alimuambia mambo yote njiani, na alikuja kuona kama ni kweli.

Tulimuonyesha kile kipande chenye mwalimu alifungua. Alikitwaa, akasugua na kidole gumba ule unga wa kijivu. Akanyamaza murefu. Tulimuelezea mukuba wenye kukunjwa, na jibu ya mwalimu: haiko mara ya mwisho, ni zote.

"Kumbe," alisema, "zile saki njo zilikuwa zinakula kamba yangu. Na mimi nilikuwa nazitwaa kuwa bashahidi."

Aliomba kisu. Alikaa chini pale pale ku mulango wa biro, akaanza kukata kamba, vipande vya urefu wa mukono. Muke wake alikuwa anavipokea na kuvipanga mu kitambaa. Kimoja alikiacha kirefu kidogo.

"Hiki cha mbuzi," alisema. "Ku mbuzi, itaweza."